Mzuri: lebo ya Mombasa iliyoimbisha pwani nzima

Mwaka 1989 kampuni ya Globestyle ya London ilitoa albamu iliyoitwa Nyota. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za taarab za vilabu viwili vya Tanga, Black Star na Lucky Star, ambazo wakati huo zilikuwa zimeshapita umri wa miaka kumi. Ulaya zilipokewa kama muziki mgeni. Lakini mzee wa Mjambere au Likoni aliyeoa mwanzoni mwa miaka ya 1970 angezitambua kwa mapigo ya kwanza ya gitaa la besi, kwa sababu zilifika sokoni kupitia duka la hapa hapa Mombasa, kwenye santuri ndogo zilizobandikwa jina la Mzuri.

Mzuri ilikuwa lebo ya Assanand & Sons, wafanyabiashara wa Mombasa wenye asili ya Kihindi waliouza santuri na kisha wakaamua kuzitengeneza. Kwa miaka kama kumi na mitano, tangu miaka ya 1960 hadi ndani ya miaka ya 1970, lebo hiyo ndiyo iliyobeba sauti kubwa za taarab ya pwani ya Kenya na sehemu nzuri ya taarab ya Tanga. Kisha ikanyamaza. Historia yake imeandikwa zaidi na wageni kuliko na sisi wenyewe, na jambo hilo linaniuma, maana sauti zile zilitoka kwenye arusi zetu.

Biashara ya kuuza sauti ya Mswahili haikuanzia Mombasa. Machi 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye nembo ya His Master's Voice, ilimsafirisha Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay wakarekodi huko. India ndiko kampuni ilikokuwa na kiwanda chake, Dum Dum karibu na Calcutta, na India ndiko ilikotoka malighafi yenyewe. Santuri za wakati ule ziliundwa kwa shelaki, ute mgumu unaoachwa na mdudu mdogo kwenye matawi ya miti. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukachukua dakika tatu hivi, na ikianguka sakafuni ilivunjika kama kigae.

Santuri za Siti ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache. Makampuni mengine yakanusa faida. Takriban mwaka 1930 Columbia ya Uingereza na Odeon ya Ujerumani nazo zikawa zinarekodi waimbaji wa pwani. Lakini mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1931 kampuni ya Gramophone na Columbia ziliungana kuwa EMI ili zisizame, na safari za kurekodi pwani zikakauka. Vita vya Pili vilipoingia, shelaki yenyewe ikawa adimu. Waimbaji walibaki na sifa. Mitambo, kanuni za malipo na sahani za asili zilibaki ng'ambo.

Kilichobadilisha mambo ni redio. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, lakini ulikuwa wa Kiingereza na wa walowezi. Kiswahili kilipata nafasi wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilipohitaji kuzungumza na askari na jamaa zao. Katika miaka ya 1950 Mombasa ikapata kituo chake, Sauti ya Mvita, na kwa mara ya kwanza mtu aliyeketi barazani Kisauni akasikia Kiswahili cha kwao kikitoka kwenye kisanduku. Hapo hapo hewa ikajaa. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, na Deutsche Welle mwaka 1963. Siasa iliwafanya watu wanunue redio, lakini baada ya habari walibaki wakisikiliza nyimbo.

Na redio zenyewe zilikuwa zimebadilika. Redio za zamani za taa za kioo zilihitaji umeme au betri nzito ya gari, na nyumba nyingi za bara ya Mombasa hazikuwa na umeme. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilianza kuingia kwenye redio za kuuzwa madukani mwaka 1954, kisha Wajapani wakaishusha bei. Redio ikawa kitu cha kubebwa mkononi. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba redio za aina hiyo zilitengenezwa huku huku Afrika Mashariki. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikatoa betri na redio za National, na Philips ya Uholanzi ikawa na kiwanda Arusha. Redio ya National yenye ganda la ngozi lililotobolewa matundu kwa mbele ilikuwa heshima ya nyumba.

Mwenye duka la santuri alinufaika na haya yote bila kutangaza chochote. Wimbo ukisikika redioni jioni, asubuhi watu wanauliza dukani. Assanand waliiona nafasi hiyo. Badala ya kungoja sahani kutoka India na Uingereza, wakaanza kuwarekodi waimbaji wa mji wao.

Kazi ilikwenda hivi. Waimbaji walirekodiwa kwenye kinasa sauti cha kanda kubwa, zile zilizozungushwa kwenye magurudumu mawili ya wazi. Teknolojia hiyo ilitoka Ujerumani, ambako kampuni ya AEG ilionyesha mashine yake Berlin mwaka 1935, na baada ya vita ikaenea dunia nzima. Kutoka kwenye kanda, sauti huchongwa kwenye sahani laini. Sahani hiyo hupakwa metali ili kupata muhuri, na muhuri hugonga plastiki iliyopashwa moto mpaka mifereji ya sauti ijichore pande zote mbili. Mitambo ya kugonga ilikuwa Nairobi, katika kiwanda cha East African Records. Kilichorudi Mombasa kilikuwa santuri ya inchi 7, nyepesi, isiyovunjika, inayozunguka mara 45 kwa dakika.

Sahani hiyo ndogo iliinyoosha taarab kwa namna ambayo sidhani tumeitafakari vya kutosha. Arusini wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa na zaidi. Mwimbaji hurudia kibwagizo kadiri akina mama wanavyosimama kumtunza, mpiga udi hujinafasi, ubeti uliompendeza mwenye arusi huimbwa tena. Upande wa santuri ya 45 haukuwa na subira hiyo. Ama wimbo ugawanywe, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, ama beti zipunguzwe na utangulizi ufupishwe. Wapo wanaosema hilo liliiharibu taarab. Mimi nasema liliipa makali. Ukisikiliza rekodi za Mzuri leo, hakuna pahali pa kulala: kinanda kinaingia, sauti inaingia, neno zito la shairi linafika kabla hujageuza shingo. Watunzi walijifunza kuweka kiini cha kisa kwenye beti mbili za mwanzo.

Na waimbaji wenyewe walikuwa wa aina yao. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, aliimba mashairi mazito ya Kimvita kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Watu waliotoka sinema wakiwa na lahani kichwani walizikuta kwenye sauti yake zikiwa zimevishwa Kiswahili. Mengi kati ya mashairi yale yalitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir, yule ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka 1971. Kwa hiyo msichana aliyenunua santuri ya Juma Bhalo alikuwa ananunua pia ushairi wa hali ya juu, hata kama hajawahi kufungua kitabu cha mashairi. Naye Yaseen Mohamed alikuwa bingwa mwingine wa mahadhi hayo ya Kihindi.

Zein l'Abdin alifuata njia nyingine. Alizaliwa Lamu mwaka 1939, akahamia Mombasa, na mpaka alipofariki mwaka 2016 hakuna aliyemfikia kwa udi katika pwani hii. Alitazama upande wa Uarabuni na upande wa mashairi ya kale ya Lamu. Udi wake ulirekodika vizuri kuliko ala nyingi, kwa kuwa hauhitaji kundi kubwa kuujaza wimbo. Matano Juma alileta kinanda cha umeme. Maulidi Juma alikuwa na sauti ya arusi hasa, sauti inayoweza kushindana na kelele za vyombo vya kupikia pilau. Halafu Zuhura Swaleh, ambaye aliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya ndani, akaiweka mbele ya maikrofoni bila kuona haya.

Ndani ya muziki wa Zuhura kuna ala moja inayostahili kituo kidogo. Tashkota ni kisanduku chenye nyuzi na vibonyezo kama vya mashine ya kuchapia. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Goro Morita, ikasafiri hadi India, na kutoka huko biashara ya bahari ikaifikisha Mombasa. Mafundi wetu waliifungia vinasa vya umeme ikawa inapiga kelele kama gitaa lililokasirika. Mjapani anayeipiga nyumbani kwake kwa utulivu hangeitambua. Ni mapigo ya tashkota yanayoitofautisha taarab ya Mombasa na ya Unguja hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Kutoka kusini wakaja watu wa Tanga. Black Star walikuwa wameachana na vikundi vikubwa vya fidla vya mtindo wa Misri, wakabaki na kundi dogo lenye gitaa, besi, na ngoma za kuchezeka. Mwimbaji wao Shakila, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa na sauti nyembamba isiyopotea. Baadaye baadhi yao wakaunda Lucky Star. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kugonga santuri, na Tanga iko karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam. Lunga Lunga, kivuko cha Likoni, kisha mjini: hiyo ndiyo ilikuwa njia. Mzuri ikawatoa, na santuri zao zikauzwa pande zote mbili za mpaka. Hapo ndipo Mombasa ilipokuwa kweli makao ya taarab iliyorekodiwa, kwa maana sauti za nje ya mji zilikuja kuitafuta.

Sasa malipo. Kwa kawaida ya biashara ya miaka ile, mwanamuziki alilipwa mara moja kwa kurekodi, basi. Santuri ikiuzwa mia au elfu kumi, mkono wake ulikuwa umeshapokea. Mtunzi wa shairi mara nyingi hakuwa hata na jina kwenye lebo. Sisemi hivi kumlaumu mfanyabiashara mmoja, kwani ndivyo tasnia nzima ilivyokwenda kutoka Nairobi hadi Kinshasa. Lakini ni lazima lisemwe, kwa sababu mwizi alipokuja baadaye kunakili nyimbo hizo, alikuta wanamuziki ambao hawakuwa na la kulinda. Hawakupoteza mrabaha, maana hawakuwahi kuupata. Walichokuwa nacho ni arusi.

Kilichoimaliza santuri kilizaliwa mbali. Agosti 1963, kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin, kampuni ya Philips ilionyesha kinasa sauti kidogo chenye kanda iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Aliyeongoza kazi hiyo ni mhandisi Lou Ottens, katika kiwanda cha Philips cha Hasselt, Ubelgiji. Kanda ilikuwa na upana wa milimita 3.81 na ilikwenda kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa polepole kabisa, hivyo mwanzoni ilionekana inafaa mazungumzo tu. Grundig ya Ujerumani, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa redio na vinasa sauti barani Ulaya, ikaja na kaseti yake ya kushindana. Philips, wakisukumwa na Wajapani, wakaamua kuwaachia watengenezaji wengine waitumie kaseti yao bila malipo ya leseni. Uamuzi huo ndio uliomaliza mashindano. Kila kiwanda duniani kikaanza kuunda kaseti ya aina moja.

Na hapa pana jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi. Mwaka 1972 Philips na Siemens waliunganisha kampuni zao za muziki wakaunda PolyGram. PolyGram hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumiliki biashara kubwa ya santuri Nairobi, pamoja na kiwanda cha kugongea. Kwa hiyo nyumba moja ya Uholanzi ilimiliki mitambo ya kutengeneza santuri za Kenya, na wakati huo huo ilikuwa imeipa dunia bure kifaa ambacho kingeifanya mitambo hiyo ikose kazi. Hakuna mnakili wa mtaani aliyebuni silaha yake mwenyewe. Aliuziwa, tena ikiwa na dhamana ya kiwandani.

Rediokaseti ziliingia Mombasa kwa wingi katika miaka ya 1970, nyingine dukani, nyingine mikononi mwa mabaharia na jamaa waliotoka Dubai na Muscat. Kilichokuwa kipya ni kitufe chekundu. Gramafoni ilikuwa ya kusikiliza. Rediokaseti ilikuwa na kitufe cha kunasa. Kwa mara ya kwanza msikilizaji hakumhitaji Assanand, wala Nairobi, wala muhuri wa metali.

Arusi zikabadilika sura. Mwanamuziki alipopanda jukwaani alikuta vinasa sauti vimepangwa mbele ya spika, vya bwana arusi, vya shangazi, vya kijana aliyetumwa na mwenye duka. Kanda za arusi zikawa bidhaa zenyewe. Zilikuwa na mambo yote ambayo santuri ya 45 iliyakata: vigelegele, majina ya wanaotunza, kibwagizo kinachorudiwa mara ya saba kwa sababu kuna mtu hajamaliza kucheza. Kanda ya dakika 60 au 90 ilitosha. Mji wa Kale kukawa na maduka yaliyojulikana kwa kazi hiyo, Mbwana Radio Service likiwa maarufu kuliko mengi, na mtu aliyetoka Malindi au Muscat akitaka taarab ya Mombasa alielekezwa huko. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, kuchukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931, vikundi vilivuka hadi Kisauni na kurudi usiku bila taabu, na arusi za bara zikarekodiwa kwa wingi kama za kisiwani.

Haki isemwe: kanda zilikuwa na faida kubwa kwa muziki wenyewe. Nyimbo nyingi za Maulidi na Zuhura zimetufikia kwa sababu ya kanda, wala si kwa santuri. Maduka ya kanda yaliwalipa wanamuziki pia, mara moja tu kama ilivyokuwa zamani. Lakini mnunuzi wa kwanza alipotoka dukani na kanda yake, aliweza kuwatolea nakala majirani mtaa mzima, na nakala ya nakala ikawatolea mtaa wa pili. Sauti ilififia kila hatua, mpaka kanda zingine ukawa unasikia zaidi mkwaruzo kuliko udi. Hakuna mtu mwenye akili ya biashara angetoa pesa za kurekodi kwa uangalifu, kuchonga, kugonga na kusafirisha, hali mwenzake anahitaji rediokaseti mbili na waya.

Kwa nini, basi, nisiseme tu kwamba wanakili waliiua Mzuri? Kwa sababu kuna pigo jingine ambalo watu husahau. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka sita na zaidi. Njia ya Tanga ilikatika, wanamuziki wa huko wakageukia Dar es Salaam na redio ya taifa, na soko la santuri za Mombasa likapoteza upande wake mzima wa kusini. Mpaka ulipofunguliwa, santuri ilikuwa imeshapitwa. Mteja wa Tanga alikuwa na rediokaseti yake. Naamini kama mpaka ule ungebaki wazi, Mzuri ingekuwa na nguvu ya kuhamia kwenye kaseti ikiwa kampuni yenye soko la nchi mbili. Ilinyimwa muda huo.

Sheria nayo haikusaidia. Kenya ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini mpaka chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kinaundwa mwaka 1983, mwanamuziki wa Mombasa hakuwa na pa kupeleka malalamiko. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2001, ikaleta Bodi ya Hakimiliki. Kufikia hapo hata kaseti ilikuwa inaelekea kaburini. Makampuni makubwa ya nje yalikuwa yamejiondoa Nairobi zamani.

Wakubwa wa ng'ambo nao hawakusalimika. Grundig, iliyoanzishwa na Max Grundig kutoka kwenye duka la redio alilolifungua Fürth mwaka 1930, ilifilisika mwaka 2003, na jina lake sasa ni mali ya kampuni ya Uturuki. Matsushita iliacha jina lake mwaka 2008 ikajiita Panasonic. Philips iliiuza PolyGram mwaka 1998. Tofauti ni kwamba wao waliacha makumbusho, kumbukumbu za kiwanda, na orodha ya kila modeli waliyounda. Mtu akitaka kujua kinasa sauti cha Grundig cha mwaka fulani kilikuwa na taa ngapi, atapata jibu kwa siku moja. Akitaka kujua ni nani alipiga ngoma kwenye santuri fulani ya Mzuri, itabidi amtafute mzee aliyekuwapo, na wazee wanakwisha.

Tulichonacho kwa wingi ni kazi ya watu wa nje. John Storm Roberts, Mwingereza aliyewahi kuishi Kenya, alikusanya nyimbo za santuri hizi kwenye albamu yake ya Songs the Swahili Sing. Mjerumani Werner Graebner, aliyewatafiti wanamuziki wa Mombasa kwa miaka mingi, alisimamia mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa, na juzuu lake la pili lilihusu taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Nawashukuru kwa dhati. Bila wao pengine tusingekuwa na nakala safi hata moja ya baadhi ya nyimbo. Lakini haipendezi kwamba kijana wa Kisauni akitaka kusikia mji wake ulivyoimba, lazima aagize kutoka Paris.

Kuna jambo la kisheria ambalo linafungua mlango. Chini ya sheria ya mwaka 2001, hakimiliki ya rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Maana yake rekodi za mwaka 1972 na kurudi nyuma zimeshaachiliwa kwa umma hapa Kenya tangu mwisho wa mwaka 2022. Haki za shairi na lahani ni kitu kingine: hizo huendelea miaka 50 baada ya mwaka wa kufariki mtunzi, na warithi wao wapo miongoni mwetu, wengine ni majirani. Kwa hiyo anayetaka kuzihifadhi na kuzitoa upya santuri hizi hana tena sababu ya kungoja ruhusa ya mwenye lebo, ila ana wajibu wa kuwatafuta na kuwalipa watoto wa waliotunga. Mara hii ifanyike inavyostahili.

Wa kuifanya kazi hiyo wapo. Taasisi ya Utafiti wa Uswahili, RISSEA, iko Mombasa chini ya Makumbusho ya Taifa. Fort Jesus inatembelewa na maelfu ya watoto wa shule kila mwaka, lakini muziki uliorekodiwa kwenye mji huu haujapewa pahali panapolingana na uzito wake. Serikali ya Kaunti ya Mombasa hutumia fedha kwa tamasha za utamaduni. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kununua mashine nzuri ya kusomea santuri na kanda, na kumlipa fundi mmoja anayeijua.

Na wewe unayesoma haya Mjambere, Mtopanga, Likoni au Changamwe, tazama juu ya kabati la mama. Ukikuta santuri yenye jina la Mzuri au kanda ya arusi ya zamani, usiitupe na usiiache juani. Isimamishe wima, pahali pakavu, mbali na spika na sumaku, maana joto na unyevu wa bahari huvundisha kanda na kukunja santuri. Usiicheze kwenye rediokaseti mbovu kwa kujaribu tu. Kanda ya miaka 40 ikikatwa na mashine chafu haiungiki vizuri tena. Andika kwenye karatasi ni arusi ya nani, mwaka gani, nani aliimba na nani alitunga, kabla anayejua hajaondoka. Kisha mpelekee mtu atakayeinakili kwa uangalifu, na udai nakala yako.